Tai chi ni mazoezi ya wazee au ngumi kweli? Stori nzima, kutoka kijiji cha Henan hadi ulingo wa Macau

Aprili 2017, mjini Chengdu, China. Wanaume wawili wanasimama uso kwa uso huku simu zikirekodi. Mmoja ni mpiganaji wa MMA, mdomo mrefu, amekuwa akitukanana na mwenzake mtandaoni kwa muda. Mwingine ni mwalimu wa tai chi ambaye aliwahi kuonyeshwa kwenye runinga ya taifa akiwa na njiwa kiganjani, na eti njiwa hakuweza kuruka kwa sababu ya nguvu iliyokuwa ikitoka mkononi mwa mwalimu.

Pambano halikufika nusu dakika. Mwalimu alinyoosha mikono mbele, akarudi nyuma, akaanguka, na ngumi zikamfuata pale pale sakafuni. Basi.

Klipu ikasambaa kama moto wa nyikani. Tajiri mmoja wa vinywaji akatangaza yuani milioni 10 kwa bingwa yeyote wa sanaa za jadi atakayemshusha yule jamaa wa MMA. Chama cha wushu cha China kikatoa tamko la kulaani. Akaunti ya Weibo ya mshindi ikafungwa. Yaani aliyeshinda ndo aliyepata tabu, na hapo utajua kwamba ishu haikuwa ngumi tu. Mtu alikuwa amegusa kitu ambacho nchi nzima inajivunia.

Mtandaoni watu wakagawanyika. Kuna waliosema tai chi ni utapeli mtupu. Kuna waliosema yule hakuwa mwalimu wa kweli, wakali wenyewe wamejificha milimani na hawatafuti kiki. Hayo ya milimani yana historia yake, na ndiyo yaliyowaponza wengi.

Kama umekulia kwenye kibanda umiza, na DJ anatia maneno juu ya filamu za Jet Li, basi stori ya milimani unaijua. Mtawa wa Kitao anaitwa Zhang Sanfeng, anaishi mlima Wudang. Siku moja anaona ndege na nyoka wakipigana. Ndege anadonoa kwa nguvu, nyoka anakwepa kwa ulaini, na hapo hapo mtawa anapata ufunuo: laini inashinda ngumu. Tai chi inazaliwa. Ni stori tamu kweli. Ila ukiifuatilia inakuponyoka mkononi. Wanaoisimulia hawakubaliani hata mtawa huyo aliishi enzi gani, wengine wanampeleka nyuma mamia ya miaka kuliko wenzao. Maandishi ya zamani zaidi yanayomhusisha na ngumi ni ya mwaka 1669, ni maneno ya kaburi la mtu mwingine kabisa, na humo tai chi haitajwi hata mara moja.

Jina lenyewe limewachanganya watu pia. Wengi wanadhani hiyo "chi" ya tai chi ni ile nguvu ya ndani, pumzi, ile inayodaiwa kumshika njiwa. Siyo. Ni maneno mawili tofauti kwa Kichina, yanaandikwa tofauti na yanatamkwa tofauti. Jina kamili ni taijiquan. "Taiji" ni dhana ya kifalsafa, ule mduara wa nusu nyeusi na nusu nyeupe unaoonekana kwenye fulana na tatuu kila kona. "Quan" ni ngumi. Kwa hiyo neno "ngumi" limo ndani ya jina tangu mwanzo, ila watu wa nje walilikata kwa sababu ni refu.

Miaka ya 1930 mwanahistoria Tang Hao, ambaye naye alikuwa mtu wa ngumi, aliamua kwenda kutafuta mwenyewe. Hakwenda milimani. Alikwenda Chenjiagou, kijiji cha wakulima mkoani Henan, karibu na Mto Manjano, ambako karibu kila mtu ni wa ukoo wa Chen. Alipekua maandishi ya ukoo, akatoka na jina la Chen Wangting, mwanajeshi wa karne ya 17 aliyerudi kijijini baada ya utawala wa Ming kuanguka. Shairi linalohusishwa naye linamwonyesha mzee anayelima msimu wa kulima na kutunga ngumi akiwa hana kazi. Hakuna nyoka wala ndege.

Tang Hao aligundua na jambo lingine: mitindo mingi ya kijiji hicho ina majina yale yale yaliyomo kwenye kitabu cha kijeshi cha Jenerali Qi Jiguang, aliyepigana na maharamia pwani ya China katika karne ya 16. Na jenerali huyo, ambaye alikuwa akipeleka vijana kufa kweli, aliandika wazi kwamba ngumi za mikono mitupu hazionekani kuwa na kazi kubwa katika vita vya majeshi. Faida yake, alisema, ni kuzoesha mikono na miguu na kumwandaa anayeanza.

Hata hivyo watu wa Chenjiagou hawakuwa wakicheza ngoma. Wengi wao walifanya kazi ya kulinda misafara ya wafanyabiashara dhidi ya majambazi, kwa hiyo walijifunza mkuki, upanga, rungu na mieleka. Mtindo wao mpaka leo una kuruka, kukanyaga kwa kishindo, na ngumi zinazofyatuka ghafla baada ya mwendo wa polepole. Ukiuona mara ya kwanza huwezi kuuita mazoezi ya wazee.

Halafu akaja mgeni. Yang Luchan, aliyezaliwa 1799, alitoka Yongnian mkoani Hebei, siyo wa ukoo. Stori zinadai alikuwa mtumishi aliyechungulia mazoezi usiku kupitia ufa wa ukuta, na wengine wanaongeza chumvi kwamba alijifanya bubu. Kilicho wazi ni kwamba alifundishwa na Chen Changxing, mwalimu mkubwa wa kijiji, na kwamba baadaye alihamia Beijing akafundisha kwenye nyumba za wakuu wa Kimanchu. Huko walimbandika jina la "Yang asiyeshindwa".

Hapa ndipo mambo yalipoanza kubadilika, na sababu yake haina uchawi wowote: wanafunzi walibadilika. Mlinzi wa msafara anahitaji kurudi nyumbani hai. Mtoto wa mfalme anahitaji afya, heshima na kitu cha kuongea mezani. Wasomi nao wakaingia, wakaanza kuandika nadharia zenye yin, yang na ulaini, na jina "taijiquan" likashika kasi katika karne hiyo ya 19. Kisha reli, benki na bunduki zikaja, na kazi ya kulinda misafara kwa mkuki ikafa kifo cha kawaida. Mwaka 1900 wapiganaji wa uasi wa Boxer walijiaminisha kwamba mazoezi na miujiza vingezuia risasi. Risasi hazikuzuilika.

Baada ya aibu hiyo, ngumi za jadi zilihitaji sababu mpya ya kuendelea kuwepo. Sababu ikawa afya ya taifa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mjukuu wa Luchan, Yang Chengfu, alikuwa Shanghai akifundisha wafanyabiashara, maofisa na wasomi, watu wa kukaa kwenye viti. Mtindo wake uliondoa miruko na vishindo. Mwendo ukawa mmoja, mpana, wa polepole kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama maji ya bwawa. Ule mwendo wa taratibu unaouona kwenye bustani duniani kote umetoka hapo kwa kiasi kikubwa. Bado hauna hata miaka 150.

Je, Chengfu aliiharibu? Wapo wanaosema hivyo. Lakini mwanafunzi wake mmoja, Zheng Manqing, aliingia akiwa na kifua kikuu, akapona na kuamini kwamba tai chi imemwokoa, kisha miaka ya 1960 akaenda kuifundisha New York. Bila mtindo ule laini, mgonjwa wa kifua asingedumu hata wiki. Aliyepunguza mwendo ndiye aliyefungua mlango.

Sasa twende Macau, maana bila Macau kibanda umiza chako kingekosa nusu ya filamu zake.

Usiku wa Krismasi 1953 moto uliteketeza mitaa ya mabanda ya Shek Kip Mei, Hong Kong, na zaidi ya watu 50,000 wakakosa pa kulala. Wakati huo huo magazeti yalikuwa yakichochea ugomvi kati ya Wu Gongyi, kiongozi wa ukoo wa Wu wa tai chi, mwenye umri wa miaka 50 na kitu, na Chen Kefu, kijana wa mtindo wa korongo mweupe, mwenye miaka 30 na kitu. Wakaamua wamalizane ulingoni, pesa ziende kwa walioathirika na moto. Hong Kong haikuruhusu, hivyo likapelekwa Macau, koloni la Ureno, tarehe 17 Januari 1954.

Filamu ya pambano hilo bado ipo. Usitegemee Jet Li. Ni wanaume wawili wanaorushiana mikono kama watu wanaofukuza nyuki, wanakumbatiana, wanasukumana hadi kwenye kamba. Pua ya kijana ikatoka damu. Katika raundi ya pili waamuzi wakasimamisha, na uamuzi wao ni wa aina yake katika historia ya michezo: hakuna aliyeshinda, hakuna aliyeshindwa, wala siyo sare. Kila mtu akarudi na heshima yake mfukoni.

Mhariri wa gazeti moja la jioni la Hong Kong aliona wasomaji wamepagawa, akataka stori ya kuwashika. Siku tatu tu baada ya pambano, mwandishi Liang Yusheng akaanza kuchapisha riwaya ya mapigano kwa vipande, kila siku kipande. Mwaka uliofuata mwenzake Jin Yong naye akaanza yake, akaja kuwa mmoja wa waandishi wanaosomwa zaidi kwa Kichina. Katika riwaya yake moja ya miaka ya 1960, anayefundisha tai chi ni nani? Zhang Sanfeng wa Wudang, mzee wa milimani. Riwaya zikazaa filamu, na mwaka 1993 Jet Li akamcheza mtawa huyo huyo kwenye "Tai Chi Master". Yaani pambano halisi lenye aibu kidogo lilizaa hadithi, na hadithi ikamfufua mtu ambaye Tang Hao alikuwa ameshamwondoa kwenye historia. Walimu wengi wa baada ya hapo walirithi wateja waliotengenezwa na filamu, na wateja wa filamu wanataka njiwa asiyeruka.

China Bara nako serikali ilikuwa na hesabu zake. Mwaka 1956 kamati ya michezo ilifupisha mtindo wa Yang ukawa hatua 24, dakika tano hivi, mtu yeyote anaweza. Ndiyo tai chi iliyoenea viwandani, shuleni na bustanini. Mwaka 2020 UNESCO ikaiweka taijiquan kwenye orodha ya urithi wa binadamu.

Na huo upole una kitu ndani yake. Simama sasa hivi uone. Weka uzito wote mguu wa kushoto, kunja goti kidogo, inua wa kulia, upeleke mbele polepole ukihesabu hadi 10, kisha weka kisigino chini bila kuhamisha uzito hata kidogo. Paja litakuambia ukweli. Mtu anayetembea haraka hudanganya, anajiangusha mbele na mguu unamdaka. Polepole huwezi kudanganya. Mwaka 2012 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watu 195 wenye ugonjwa wa Parkinson huko Oregon, Marekani. Waligawanywa makundi matatu: tai chi, mazoezi ya nguvu, na kunyoosha viungo, mara mbili kwa wiki kwa wiki 24. Kundi la tai chi ndilo lililoongoza kwa uwiano wa mwili, na lilianguka mara chache kuliko kundi la kunyoosha viungo. Kwa mtu ambaye kuanguka bafuni kunaweza kumaliza maisha yake, huo ni ulinzi kuliko ngumi yoyote.

Upande wa mapigano nao haujafa, ila haufanani na ule wa filamu. Unaitwa tuishou, kusukumana mikono. Wawili wanagusanisha mikono, wanazungushana, kila mmoja anatafuta pale uzito wa mwenzake ulipoegemea. Wachina wanaiita hali hiyo kusikiliza, maana unasikiliza kwa ngozi. Ukikaza misuli unampa mwenzako mpini wa kukushikia. Anayecheza hatua 24 peke yake kwa miaka 20 bila mtu wa kumsukuma ana afya nzuri na uwiano mzuri, na akipanda ulingoni na jamaa anayepigwa ngumi kila siku mazoezini, yatamkuta yaliyomkuta mwalimu wa Chengdu.

Alfajiri katika bustani za miji ya China utayakuta yote mawili. Katikati kuna kina mama na spika yao, muziki wa filimbi, mikono inapanda na kushuka kwa pamoja. Pembeni, chini ya mti, bila muziki, wazee wawili wamegusanisha mikono na wanazunguka taratibu. Mmoja anapoteza mguu, anarudi nyuma hatua mbili tatu, anacheka, anakuja tena kunyoosha mkono.