Almasi za Botswana

Nchi ya Botswana ilipopata uhuru katika mwaka wa 1966 ilikuwa maskini sana. Mwaka uliofuata almasi zilionekana Orapa, katika nchi ya Wabangwato, nao ndio watu wa Rais Seretse Khama, aliyezaliwa katika ukoo wa wafalme wao. Wabangwato wangaliweza kudai mali ile iwe yao peke yao. Lakini kwa sheria ya mwaka 1967 haki ya madini ilitoka mikononi mwa makabila, ikawa ya taifa zima. Tena katika mwaka wa 1975 serikali, iliyokuwa na sehemu 15 tu katika 100 za kampuni ya almasi, ilipata nusu. Fedha zile zikajenga shule na barabara. Basi twaona ya kuwa sheria njema ya madini huanza kwa mkubwa asiyewatanguliza jamaa zake.