Injini ya Mjapani Kwenye Bodi ya Mwingereza: Historia Fupi ya 109 za Kibaha na Kisarawe

Wadau, kuna msanii mmoja wa hapa Bongo, jina tunaliweka kapuni, siku hizi anatamba mtandaoni na Land Rover 109 ya kijani. Mashabiki wanamsifia balaa: mkongwe, orijino, gari la wanaume. Sawa. Ila weka earphone, ongeza sauti, sikiliza pale anapowasha. Ile sio 109 inayoongea. Ni injini ya Land Cruiser imekaa humo ndani inaunguruma kwa raha zake.

Na wala sio dhambi. Ninachotaka ni tuijue historia, maana huu mchezo wa kutoa injini ndogo na kuchomeka kubwa haukuzaliwa kwenye gereji za Maili Moja. Waingereza wenyewe waliucheza, tena kwenye magari yao ya spoti, yale ya kujidai.

Chukua kampuni ya AC. Miaka ya 50 walikuwa na kigari kitamu cha kukalia chini, kinaitwa Ace. Injini nzuri aliyokuwa akiitegemea ilikuwa ya Bristol, silinda 6, lita 2. Bristol wakasitisha kuitengeneza. Kule Marekani kulikuwa na dereva wa mashindano aliyestaafu, Carroll Shelby. Mwaka 1961 akawaandikia barua, kwa lugha ya kwetu ni kama alisema: nyie leteni bodi, injini mniachie mimi. Akaipata V8 kutoka Ford, na mwaka 1962 ikazaliwa Cobra. Ilianza na injini ya lita 4.2, yaani zaidi ya mara mbili ya ile ya mwanzo. Baadaye wakapanda hadi lita 7, na hapo chesisi ya zamani ikashindwa, ikabidi isukwe nyingine. Hilo la chesisi likumbuke, tutalirudia.

Mwaka 1964 ikatoka Sunbeam Tiger, gari dogo lililovalishwa V8 hiyo hiyo ya Ford. Hii inachekesha kidogo. Kampuni mama ikaja kuchukuliwa na Chrysler, wapinzani wa Ford. Sasa Chrysler gani atauza gari lenye moyo wa Ford? Wakaangalia kama V8 yao itaingia, haikuingia vizuri, na 1967 Tiger ikazikwa.

Halafu kuna MGB, ambayo kwa kawaida ilikuwa na lita 1.8 tu. Fundi mmoja anaitwa Ken Costello alianza kuziwekea V8 ya Rover, lita 3.5. Injini ile asili yake Marekani, Buick, Rover wakanunua haki zake katikati ya miaka ya 60. Uzuri wake ni aluminiamu, kwa hiyo ukubwa wote ule haikuielemea pua ya gari. Kiwanda kikaona fundi wa mtaani anapiga hela, nacho kikatoa ya kwake, MGB GT V8, mwaka 1973. Zilitengenezwa 2,591 tu. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kiwanda kizima kinamfuata fundi.

Sasa V8 hiyo hiyo ndiyo inayotuleta nyumbani. Mwaka 1979 Land Rover waliiweka kwenye 109. Lakini hawakuitupia tu. Waliikaba makusudi ikabaki na nguvu za farasi 91, wakati kwenye magari mengine ilikuwa inatoa nyingi zaidi, na wakabadilisha giaboksi pia. Walijua gari wanalolishughulikia bado lina breki za dramu magurudumu yote manne.

109 ya kawaida, zile tulizozikuta kwa polisi, hospitali, misheni na kwa mabwana shamba, ilikuwa na injini ya lita 2.25, petroli au dizeli. Ngumu kufa, ila mlimani inakupa muda wa kusali. Hiyo namba 109 ni inchi kutoka tairi la mbele hadi la nyuma, sio spidi kama wengine wanavyodanganyana vijiweni.

Mwisho wa miaka ya 70 nchi ikabanwa. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979, mafuta bei juu, fedha za kigeni hakuna. Spea zikawa hadithi. Wazee watakwambia gari lilikuwa linapaki miezi likisubiri kifaa kimoja. Ndipo unapoielewa Kibaha. Pale kuna Nyumbu, kituo cha jeshi cha teknolojia ya magari, kilichopewa kazi ya kutengeneza lori letu wenyewe. Pale pale Kibaha kulikuwa na TAMCO, waliokuwa wakiunganisha Scania. Huo ni mji uliojaa watu wanaojua chuma, na ujuzi wa hivyo haubaki ndani ya geti la kiwanda.

Mwaka 1984 serikali ikaanza kuruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, mwaka uliofuata akaingia Mzee Ruksa, na taratibu mitumba ya Japani ikaanza kumiminika. Mwaka huo huo wa 1985 ndio Land Rover walipoacha kutengeneza toleo la mwisho la zile 109. Ona sasa: Mwingereza anaacha, Mjapani anafika. Injini za Toyota, Isuzu na Nissan zikawa rahisi kupata kuliko pistoni ya Land Rover.

Fundi mmoja wa Kibaha, naye simtaji maana ana wateja wake, alinielezea kazi ilivyo. Wengi wanachukua 3L ya Hilux, lita 2.8, silinda 4, inakaa bila ugomvi. Wenye fujo wanataka 1HZ ya Land Cruiser, lita 4.2, silinda 6. Hii ni ndefu, kwa hiyo rejeta inasogezwa mbele na mauntingi zinakatwa na kuchomelewa upya. Ukibaki na giaboksi ya Land Rover unachonga sahani ya kuunganishia injini na giaboksi. Ukileta injini na giaboksi yake, basi propela nayo ikatwe au irefushwe. Na isiponyooka vizuri, gari zima linatetemeka.

Tatizo ni hili. Ile 1HZ ina nguvu ya kuvuta karibu mara mbili ya dizeli ya zamani. Nguvu hiyo inashukia kwenye shafti za nyuma ambazo hata enzi za uzima wake zilikuwa zinakatika. Na mguu ukitoka kwenye mafuta kwenda breki, unakutana na dramu zile zile za mwaka 1975. Barabara ya kutoka Mlandizi kwenda Mzenga hadi Maneromango, au kule Masaki (ya Kisarawe jamani, sio ya ushuani), gari limejaa mihogo na mkaa na mama wanne juu, mvua imenyesha. Kupanda utapanda. Kushuka je? AC walisuka chesisi, Land Rover wakaikaba injini. Sisi wengine tunabadilisha injini Jumamosi na Jumatatu tunabeba abiria. Kwangu mimi, kabla ya lita 4.2, hela ya kwanza iende kwenye breki na busta yake. Fundi wangu anasema wateja wanaokubali ni wachache, breki haisikiki kwenye video.

Kitu kingine, kadi. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha injini bila kupeleka taarifa TRA, siku ya kuuza, au siku ya ajali, namba zinagoma kufanana na hapo ndipo maneno yanapoanza. Msanii wetu kama kadi yake bado inasoma injini ya Mwingereza, awahi mapema.

Kisarawe kuna mzee mmoja ana 109 iliyobadilishwa miaka mingi iliyopita, ina 3L, inapiga kazi ya shamba mpaka leo. Injini ya zamani ipo chini ya mwembe, imefunikwa turubai. Wanunuzi wa chuma chakavu wameshapita pale mara kadhaa. Anawauliza kama wana spea zake, wakisema hawana, anawaambia waendelee na safari.