Konyeza Kabla ya Kukata Kona

Mwaka nilioacha chuo, kaka yangu aliniachia Boxer yake niwe naiendesha jioni, angalau nipate hela ya kula. Jioni moja nilimbeba mama mmoja na beseni lake la maembe, kutoka Matsangoni kwenda Watamu. Ukifika Gede unakata kulia, unavuka upande wa magari yanayotoka Malindi. Nikabonyeza indiketa, nikakata. Kumbe lori la nyuma lilikuwa tayari linatupita. Lilitukosa kwa shubiri moja hivi. Beseni likaruka, maembe yakatapakaa lami nzima.

Dereva alisimama mbele, akatoa kichwa dirishani. "We kijana, si ungesema unakata!"

Mimi nilidhani nimesema. Indiketa ya kulia ilikuwa imekufa, na sijui tangu lini.

Neno hilo, kusema, lilinikaa. Nikaanza kutafuta historia ya kale kataa, na nikagundua ni historia ya watu waliotaka kusema bila mdomo. Kwanza ulikuwa mkono tu, unaunyosha nje. Mwaka 1914 Florence Lawrence, nyota wa filamu zisizo na sauti kule Marekani, alibuni kibao cha nyuma ya gari: ukibonyeza kitufe, kinainuka na kuonyesha unakoelekea. Hakukisajili, kwa hivyo hakikumletea pesa. Baadaye magari ya Ulaya yakawekewa vijimkono vinavyochomoza ubavuni. Mwaka 1939 Buick wakauza magari yenye taa zinazokonyeza.

Huku kwetu boda boda ilianza na baiskeli, mpakani Busia, na mwendeshaji alisema kwa mkono. Mwaka 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki ndogo, zisizofika 250cc. Boxer na TVS za kutoka India zikajaa hadi vijijini. Kila moja ina indiketa 4, lakini wengi wetu tulifunzwa gia na breki, basi. Taa tuliziona kama pambo.

Na Pwani ina adui wake wa ziada, chumvi. Kesho yake fundi wa pale Gede alifungua taa yangu, akaichungulia.

"Balbu nzima hii, mwanangu. Shida ni athi."

Umeme hutoka kwenye betri ya volti 12, ukapita kwenye balbu, kisha ukarudi kupitia chuma cha pikipiki. Pale waya unapofungwa na nati, upepo wa bahari ulikuwa umeshakula, kutu ya kijani imejaa. Akapiga msasa, akakaza nati, akapaka grisi. Taa ikawaka.

Nikamwambia basi aniwekee LED kabisa, manake zinaonekana hata jua la saa saba. Akacheka. Akanionyesha flasha ya zamani, kikopo kidogo ambacho ndani kina kipande cha chuma. Umeme ukipita, kipande kinapata moto, kinajikunja, kinakata umeme. Kikipoa, kinarudi. Huko kukata na kurudi ndiko kukonyeza kwenyewe. Balbu ya kawaida hula wati 10, lakini LED hula kidogo mno, kipande hakipati moto wa kutosha. Taa inabaki imewaka tu, haikonyezi. Kwa hivyo ukibadilisha taa, badilisha na flasha, uweke ya elektroniki. Wengi husahau hiyo ya pili, halafu wanalaumu taa.

Yule mama nilimlipa maembe yake kidogo kidogo, kwa siku tatu. Bado ni abiria wangu. Tukikaribia Gede, ananigusa bega.

"Umewasha?"

"Nimewasha, mama."

Anageuka nyuma, anaangalia mwenyewe taa ikikonyeza.

"Haya, kata."