Android au iPhone: Simu ipi inamfaa mfanyabiashara wa mpakani?

Mabishano kati ya wapenzi wa Android na wapenzi wa iPhone ni ya kawaida mijini, na mara nyingi huishia kwenye ubora wa kamera, umbo la simu na hadhi ya mwenye nayo. Kwa mfanyabiashara anayevuka Namanga, Busia au Mutukula kila wiki, na kwa dereva anayesafirisha mzigo kutoka Dar es Salaam hadi Lubumbashi, swali ni jingine kabisa. Kwao simu ndiyo pochi, daftari la madeni na faili la hati za forodha. Simu ikikataa laini ya nchi waliyoingia, au ikipoteza mazungumzo ya WhatsApp yenye bei na risiti, hasara huonekana kwenye mzigo uliolala mpakani na mteja aliyenunua kwingine.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo mfanyabiashara au msafirishaji anapaswa kuyapima kabla ya kubadilisha simu, kwa kuanzia na yale yenye gharama kubwa zaidi yakikosewa.

Mifumo iliyobaki sokoni

Kila simu janja inaendeshwa na programu kuu inayoitwa mfumo endeshi. iPhone ya kampuni ya Apple, iliyoingia sokoni mwaka 2007, inatumia iOS, mfumo ambao hauwekwi kwenye simu ya kampuni nyingine yoyote. Android ya Google, ambayo simu yake ya kwanza iliuzwa mwaka 2008, inatumiwa na watengenezaji wengi, wakiwemo Samsung, Xiaomi na Oppo, pamoja na Tecno, Infinix na itel, chapa tatu za kampuni ya Transsion ya Shenzhen, China, ambazo zimeenea katika maduka ya Afrika Mashariki.

Mifumo mingine iliwahi kuwa na nguvu ikaondoka. WhatsApp ilisitisha huduma kwenye simu za Nokia zenye Symbian na kwenye mfumo wa BlackBerry mwaka 2017, kisha kwenye simu za Windows mwishoni mwa mwaka 2019. Januari 2022 BlackBerry yenyewe ilizima huduma zilizokuwa zikiendesha simu zake za zamani. KaiOS, mfumo wa simu za vitufe zenye intaneti, ulipata WhatsApp mwaka 2019, lakini mwaka 2024 programu hiyo iliondolewa kwenye duka lake. Katika visa vyote hivyo simu nyingi zilikuwa bado nzima. Kilichoondoka ni programu ambayo wateja na mawakala waliitumia kuwasiliana na wenye simu hizo.

Hata mifumo iliyobaki huacha simu za zamani nyuma. Oktoba 2023 WhatsApp ilipandisha kiwango chake cha chini hadi Android 5.0. Mei 2025 ilipandisha kiwango cha iPhone hadi iOS 15.1, hatua iliyoziacha nje iPhone 5s, 6 na 6 Plus. Mtu aliyenunua mojawapo ya simu hizo kwa bei rahisi muda mfupi kabla ya hapo alibaki na simu ya kupiga na kupiga picha tu.

Laini ni jambo la kwanza

Msafiri wa Mombasa hadi Kampala anahitaji laini ya Kenya na ya Uganda. Anayetoka Dar es Salaam kupitia Tunduma na Nakonde hadi Kasumbalesa anapita nchi tatu. Kwa sababu hiyo, idadi na aina ya laini ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya mifumo hii miwili kwa watu wa mipakani.

Simu nyingi za Android za bei ya chini na ya kati zina nafasi ya kadi mbili za kawaida. Mwenye simu hiyo akifika upande wa pili hununua laini kwa wakala, huisajili na kuichomeka.

iPhone ni tofauti. Tangu zilipotoka XS na XR mwaka 2018, iPhone nyingi huchukua kadi moja ya kawaida na eSIM, yaani laini isiyo na kadi inayopakiwa ndani ya simu. iPhone zenye nafasi ya kadi mbili ni baadhi ya zilizotengenezwa kwa ajili ya China bara, Hong Kong na Macau. Zile zinazouzwa Marekani, kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, hazina kabisa tundu la kadi.

Jambo hilo sasa linawagusa moja kwa moja wanaonunua simu Uarabuni. iPhone 17 iliyotoka Septemba 2025 inauzwa bila tundu la kadi pia katika Falme za Kiarabu, Oman, Saudi Arabia, Qatar, Kuwait na Bahrain. Ile iitwayo iPhone Air haina tundu hilo katika nchi yoyote. Mfanyabiashara anayezoea kuagiza simu Dubai au Muscat anaweza kupokea simu halali na mpya kabisa, lakini isiyokubali laini aliyonunua kwenye kibanda cha mpakani.

eSIM yenyewe si mbaya. iPhone za karibuni huhifadhi laini nane au zaidi za aina hiyo, ingawa mbili tu ndizo hufanya kazi kwa wakati mmoja, na mwizi hawezi kuichomoa na kuitupa. Shida ni upatikanaji. Mitandao mikubwa ya Kenya na Tanzania inaitoa, lakini si kila mtandao wa kila nchi jirani, wala si kila wakala wa barabarani anayeweza kuiweka. Kabla ya kununua simu isiyo na tundu, mnunuzi aulize mtandao anaoutumia katika kila nchi ya njia yake.

Pesa kwa simu

Huduma za msingi za pesa kwa simu hazitegemei mfumo endeshi. *334# ya M-Pesa nchini Kenya, *150*00# ya M-Pesa nchini Tanzania na *165# ya MTN nchini Uganda hufanya kazi kwenye iPhone, Android na simu ndogo ya vitufe, bila intaneti. Orodha ya huduma iliyomo ndani ya kadi ya laini ipo pia kwenye iPhone, ila imefichwa ndani ya mipangilio ya mtandao wa simu, na wengi hudhani haipo.

Kwa hiyo madereva wengi wanaotembea na simu janja pamoja na kitochi hawajapitwa na wakati. Laini yenye pesa ikikaa kwenye kitochi, chaji hudumu siku nyingi, na simu kubwa ikiibiwa au kuzima njiani, pesa ya mafuta na ya ushuru bado inapatikana.

Mahali ambapo simu janja haiepukiki ni kwenye hati na ufuatiliaji. Mwaka 2020, wakati wa Uviko-19, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo na madereva uliotumia programu ya simu. Tangu hapo kazi nyingi za usafirishaji zimeendelea kuhamia kwenye simu. Kabla ya kuhama mfumo, mtu aandike programu zote anazotumia, za benki, za forodha na za kufuatilia magari, kisha ahakikishe kila moja ipo kwenye duka la mfumo anaouendea.

Kuna pia suala dogo la picha. Tangu mwaka 2017 iPhone huhifadhi picha katika muundo wa HEIC, ambao baadhi ya tovuti za kupandishia hati huukataa. Dawa yake ni kubadilisha mipangilio ya kamera ili ihifadhi kwa JPEG, kabla ya kufika dirishani.

Umri wa simu na hesabu ya gharama

Bei ya dukani haitoshi kulinganisha simu. Kinachohitajika ni bei hiyo kugawanywa kwa miezi ambayo simu itabaki salama na kupokea masasisho, yaani marekebisho ya usalama yanayotumwa na mtengenezaji.

Apple huzipa simu zake masasisho kwa miaka mingi. iOS 26 ya Septemba 2025 ilipokelewa na iPhone 11 ya mwaka 2019, ikaziacha XS na XR za mwaka 2018. Kwa upande wa Android, hali hutofautiana sana. Google iliahidi miaka saba kuanzia Pixel 8 ya mwaka 2023, na Samsung ikafanya hivyo kuanzia Galaxy S24 ya mwaka 2024. Samsung pia iliiahidi Galaxy A16, simu ya bei ya chini ya mwaka 2024, miaka sita. Simu nyingine nyingi za bei rahisi hupata muda mfupi zaidi, na mnunuzi huambiwa tu akiuliza.

Kwa mfano wa hesabu, simu ya Sh360,000 za Tanzania inayotumika miaka miwili inagharimu Sh15,000 kwa mwezi. Ya Sh840,000 inayotumika miaka mitano inagharimu Sh14,000. Kwa karatasi, ya pili ni nafuu.

Lakini hesabu hiyo ina pande mbili. Tofauti ya Sh480,000 ni mtaji. Kwa mwenye biashara ya nyanya au mahindi ambaye pesa yake huzunguka kila wiki, fedha hizo zikikaa kwenye mzigo zinaweza kuzaa zaidi ya akiba ya Sh1,000 kwa mwezi. Pia, simu ya bei kubwa ikiibiwa kituoni mwezi wa nne, faida yote ya miaka mitano imekwenda nayo. Anayelala kwenye gari na anayelala nyumbani hawana hatari sawa.

Kuhama bila kupoteza kumbukumbu

Gharama inayosahaulika zaidi ni ya kuhama. Nakala ya WhatsApp ya Android huhifadhiwa Google Drive na ya iPhone huhifadhiwa iCloud. Nakala ya upande mmoja hairejeshwi upande wa pili. Kwa aliyeuza kwa mkopo na kuandika madeni yote kwenye mazungumzo, kosa hapa ni sawa na kuchoma daftari.

Njia zipo. Tangu mwaka 2021 inawezekana kuhamisha mazungumzo kutoka iPhone kwenda Android, kwanza kwa Samsung kisha kwa nyingine, na tangu mwaka 2022 kutoka Android kwenda iPhone kwa programu ya Apple ya kuhamia. Kazi hiyo hufanyika wakati simu mpya inawashwa kwa mara ya kwanza, simu zote mbili zikiwa pamoja. Aliyeuza simu ya zamani kabla ya kuhamisha hana pa kurudi.

Ni vyema pia kutobadilisha simu akiwa nchi ya jirani. WhatsApp hutuma namba ya uthibitisho kwenye laini iliyosajiliwa, na laini ya nyumbani isiposhika mtandao ugenini, namba hiyo haitafika.

Simu za China, za mtumba na za mkopo

Wanaonunua Guangzhou wajue kwamba simu za Android zilizotengenezwa kwa soko la China huja bila duka la Google. Huawei ni suala jingine: baada ya vikwazo vya Marekani vya Mei 2019, simu zake mpya zilianza kutoka bila huduma za Google, na toleo la HarmonyOS lililotoka mwaka 2024 haliendeshi kabisa programu za Android. Ni simu imara, lakini programu za benki za nyumbani zihakikishwe kwanza.

Kwa simu za mtumba, hatari kubwa ni kufuli la akaunti. iPhone na Android zote hubaki zimefungwa kwa akaunti ya mwenye simu wa kwanza hata zikifutwa. Muuzaji aiondoe akaunti yake mbele ya mnunuzi, na simu iwashwe upya hadi mwisho kabla ya pesa kutoka.

Simu za mkopo, kama mpango wa Lipa Mdogo Mdogo ulioanzishwa na Safaricom nchini Kenya mwaka 2020, hujifunga malipo yakichelewa. Dereva anayeweza kukaa foleni mpakani kwa siku kadhaa alipe mapema kabla ya safari.

Simu bandia nazo zina mwisho wake. Kenya ilizizima mwaka 2012, na Tanzania Juni 2016. Namba ya utambulisho wa simu huonekana kwa kubonyeza *#06#, na nchini Tanzania huhakikiwa kwa kuituma kwenda 15090.

Nani achukue ipi

Kwa dereva na mfanyabiashara anayevuka mara kwa mara, Android ya bei ya kati yenye nafasi ya kadi mbili, betri ya 5,000 mAh au zaidi na ahadi ya masasisho iliyoandikwa ndiyo inayofaa zaidi, pamoja na kitochi kwa ajili ya pesa. Mwenye kampuni au wakala wa forodha anayekaa ofisini na kusafiri kwa nadra anaweza kunufaika na iPhone, hasa kwa urefu wa maisha yake na thamani yake inapouzwa tena, mradi ahakikishe tundu la kadi.

Dukani, kabla ya kulipa, mnunuzi:

1. Achomeke laini zake zote mbili na kupiga simu kwa kila moja.
2. Afungue huduma ya pesa kwa kila laini.
3. Aulize mwaka ambao masasisho yatakoma.
4. Ahakiki namba ya *#06# na kuilinganisha na ya kwenye boksi.
5. Adai risiti yenye namba hiyo, kwani akipita nayo forodhani ndiyo uthibitisho wake.

Simu ya zamani isiuzwe hadi mazungumzo, picha za hati na namba za wateja zionekane zote kwenye mpya.