Maziwa ya Kikombe

Kukamua ni neno la ng'ombe. Ukilitamka Tukuyu au Mafinga, picha ya kwanza ni ndoo na zizi, si mama aliyejifungua. Labda ndiyo maana wanawake wengi ninaowafahamu huku Nyanda za Juu Kusini husema tu kwamba "wameacha maziwa" wanapokwenda kazini. Lakini aibu ya neno ni ndogo. Ipo nyingine, na hiyo ina historia.

Mwaka 2000 Tanzania ilianza majaribio ya kuzuia VVU visitoke kwa mama kwenda kwa mtoto, katika hospitali tano. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilikuwa mojawapo. Mwaka uliotangulia, utafiti uliofanyika Kampala ulikuwa umeonyesha kwamba dozi moja ya nevirapine kwa mama wakati wa uchungu, na nyingine kwa mtoto akishazaliwa, inapunguza maambukizi kwa karibu nusu. Uchungu ukapata dawa. Titi halikupata. Mtoto aliyeponea leba aliweza kuambukizwa miezi michache baadaye akinyonya, na aliyeachishwa aliweza kufa kwa kuhara.

Kwetu hili halikuwa jambo la vitabuni. Utafiti wa kitaifa wa 2007–08 ulikuta maambukizi kwa takribani watu wazima 15 katika kila 100 mkoani Iringa, wakati kitaifa hawakufika 6. Iringa ya wakati ule ilikuwa bado imeibeba Njombe.

Shirika la Afya Duniani liliwapa akina mama orodha ya kuchagua: maziwa ya kopo, maziwa ya wanyama yaliyoandaliwa, kunyonyesha bila kuchanganya na chochote kisha kuacha mapema, mtoto kunyonyeshwa na mwanamke asiye na maambukizi, au mama kukamua maziwa yake na kuyapasha moto. Aliyeacha kunyonyesha alitakiwa awe na mbadala unaokubalika, unaowezekana, anaoumudu, usiokatika na ulio salama. Yasome masharti hayo ukiwa Makete, kuni zimelowa na maji yako bondeni. Botswana, iliyokuwa ikigawa maziwa ya kopo bure, iliona mwaka 2006 yanavyoweza kugeuka: baada ya mvua kubwa kuharibu maji, kuhara kuliua watoto wengi, hasa wasionyonya.

Hilo la kupasha moto ndilo linalonivutia zaidi, kwa sababu lilihitaji vitu vilivyokuwamo jikoni. Mama alikamua kwenye chupa ya kioo, akaisimamisha wazi ndani ya sufuria ya maji yaliyozidi usawa wa maziwa kwa vidole viwili, akaweka yote jikoni. Maji yakianza kutokota kwa nguvu, chupa ilitolewa hapo hapo. Maziwa yalikuwa yamepita nyuzi 70, joto linaloua virusi bila kuharibu sehemu kubwa ya kinga na lishe. Mtoto alipewa kwa kikombe. Utafiti wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba, wakipata mtu wa kuwatembelea na kuwashauri, karibu nusu ya akina mama waliostahili walichagua njia hiyo na wengi waliifuata kwa wiki kadhaa.

Lakini kikombe kina macho ya kukitazama. Kwenye nyumba ambamo kila mtoto hunyonya mbele ya watu, chupa juu ya sufuria ilikuwa tangazo.

Mwanangu alipofikisha siku 84, likizo ya uzazi ikaisha. Mama mdogo alikuja Mbeya kutoka Mafinga kunisaidia. Jioni ya kwanza alinikuta nikiandika saa na tarehe kwenye vikopo vya maziwa.

"Mwanangu, hospitali walikuambia nini?"

"Waliniambia yakae kwenye friji, mama."

Akashusha sauti. "Sijauliza hivyo."

Kesho yake niliporudi kazini nilimkuta ameshayatia maziwa kwenye sufuria. Alikuwa ananitunzia siri ambayo sina.

Sikumlaumu. Mafunzo aliyoyashika yalikuwa sahihi kwa wakati wake. Mwaka 2010 miongozo ya dunia iliruhusu mama anyonyeshe kwa ulinzi wa dawa za kufubaza virusi, na kuanzia 2013 Tanzania ikaanza kuwapa dawa hizo kwa maisha yote wajawazito na wanaonyonyesha wenye VVU. Sufuria ikapoteza kazi. Habari ya dawa ilifika kliniki. Mafinga, kwa mama mdogo, kilichobaki ni sufuria.

Kwa hiyo tulikaa tukaelezana upya. Mikono inaoshwa kwa sabuni, chombo kinachemshwa, maziwa yenyewe hayachemshwi. Kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25 hukaa kwa saa 4, na Julai ya Mbeya ni rafiki mzuri wa kanuni hiyo. Ndani ya friji, nyuma kabisa na si mlangoni, hukaa siku 4. Kwenye friza miezi 6 bila wasiwasi. Yakishayeyuka hayarudishwi kugandishwa. Mafuta yakijitenga juu, hayajaharibika, yatikise taratibu. Kikopo kinapashwa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, na yaliyobaki baada ya mtoto kunywa yanamwagwa zikipita saa 2. Kumwaga ndiko kulikomuuma mama mdogo. Hata mimi kunaniuma.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, amnyonyeshe mtoto. Kukamua haikukutaja. Kwa anayeishi Uyole na kufanya kazi Mbalizi, saa mbili huishia kwenye daladala. Ninapofundisha, wenzangu wawili hukamulia stoo ya vitabu, kiti kimeegemezwa mlangoni, na vikopo vinarudi nyumbani ndani ya chupa ya chai iliyojazwa barafu.