Pango la Baharia Huko Oia

Mlango uko katikati. Kushoto dirisha, kulia dirisha, na juu ya mlango dirisha dogo la tatu. Ukiingia unapita sebule nyembamba, halafu unakutana na ukuta mwingine wenye mlango na madirisha matatu vilevile, utadhani mjenzi alisahau akaanza nyumba upya ndani ya nyumba. Nyuma ya ukuta huo ndipo kitanda kilipo. Hakuna dirisha la ubavuni wala la uani, kwa sababu ubavuni na uani ni mlima wenyewe. Mwanga wa chumba cha ndani sharti uingie kwa mbele, upenye sebuleni, ndipo ufike kitandani. Ndiyo maana madirisha yamerudiwa. Dari limepinda kama tumbo la jahazi lililopinduliwa. Ukiligonga kwa kifundo cha kidole halitoi mlio.

Vyumba vingi vya hoteli za kifahari za Oia viko hivyo. Oia, ambayo wenyewe huitamka Ia, ni kijiji cha ncha ya kaskazini ya Santorini, kisiwa cha Ugiriki katika Bahari ya Aegea. Usiku mmoja wakati wa kiangazi huhesabiwa kwa mamia ya yuro, na chumba chenye bwawa lake la peke yake huvuka elfu bila aibu. Mgeni hulipia ubaridi wa kuta, ukimya, na baraza inayoning'inia juu ya bahari. Kinachonishangaza mimi katika historia ya mahali hapa ni kwamba vitu hivyo vyote vilikuwa, miaka si mingi iliyopita, shida za mtu asiye na kiwanja.

Lakini lazima tuanze na shimo. Miaka 3,600 hivi iliyopita volkano ya kisiwa hiki ililipuka kwa nguvu ambayo wanajiolojia huihesabu miongoni mwa milipuko mikubwa kabisa tangu watu waanze kujenga miji. Haikuwa mara ya kwanza mlima huo kufanya hivyo. Tumbo lake lilipobaki tupu, paa likaporomoka na bahari ikajaa mahali pake. Kilichobaki ni kisiwa chenye umbo la mwezi mchanga, na upande wa ndani magenge ya mawe yanayofika mita 300, yamesimama wima juu ya maji yenye kina cha karibu mita 400. Ukiyatazama kutoka kwenye boti unaona matabaka mekundu, meusi na ya kijivu, na juu kabisa utando mnene wa majivu meupe.

Chini ya majivu hayo, kusini mwa kisiwa, Spyridon Marinatos alianza kuchimba mahali paitwapo Akrotiri mwaka 1967, akakuta mji mzima: nyumba za ghorofa mbili na tatu, mifereji ya maji machafu chini ya barabara, na kuta zenye michoro ya wavulana wakipigana ngumi, merikebu zikitoka bandarini, na nyani wa buluu. Nyani si wanyama wa Ugiriki. Aliyewachora, au aliyemsimulia mchoraji, alikuwa na habari za ng'ambo. Maiti hazikuonekana ndani ya nyumba hizo. Matetemeko yalitangulia mlipuko, na watu wakapata muda wa kuondoka. Waliacha mitungi yao, wakaacha na vitanda. Mbao za kitanda zilioza ndani ya majivu zikaacha uwazi wenye umbo lake. Wachimbaji wakamimina plasta kwenye uwazi huo, na kitanda kikarudi, miguu na fremu. Kati ya vitanda vyote vya Santorini, hicho ndicho ambacho ningependa zaidi kujua aliyekilalia. Marinatos mwenyewe alifariki hapohapo kazini mwaka 1974.

Majivu yaliyozika Akrotiri ndiyo yaliyojenga Oia. Ni laini kiasi kwamba mtu mwenye sururu anaweza kujichimbia chumba, lakini yakichanganywa na chokaa na maji hushika kama jiwe, hata yakiwa chini ya bahari. Kisiwa hakina misitu ya kutoa boriti. Kwa hiyo mahali ambapo pango halikutosha, chumba kilirefushwa kwa mbele kwa mawe ya volkano na chokaa ya majivu, na paa likapindwa ili lijibebe lenyewe pasipo mti hata mmoja. Mvua ni chache na mito hakuna, basi kila paa na kila ua uliinamishwa kidogo ili maji yateremke kwenye birika lililochimbwa chini. Ua wa huyu ulikuwa paa la yule wa chini yake.

Katika karne ya 19 kijiji hiki kilikuwa cha manahodha. Kisiwa kilikuwa na mizabibu, na zabibu zilizoanikwa juani zilitoa mvinyo mtamu uitwao vinsanto, ambao meli za matanga za Oia ziliupeleka hadi Urusi, kwenye bandari za Bahari Nyeusi. Kwenye ghuba ya Armeni, chini ya genge, kulikuwa na mahali pa kuundia na kutengenezea vyombo. Nahodha aliyetajirika alijenga juu, kwenye mgongo wa kijiji palipo tambarare: nyumba ya ghorofa, milango ya mawe yaliyochongwa, kuta za rangi nyekundu au ya udongo. Weupe mtupu wa kwenye kadi za posta haukuwa mtindo wa matajiri. Baharia wake alichimba chini, usoni mwa genge, ambako hapakulimika kitu na hapakuwa na mtu wa kugombania. Humo alilala yeye, mke, watoto, na mara nyingine mnyama wao. Pango la jirani huenda lilikuwa la kukanyagia zabibu na kuwekea mapipa. Mandhari ya bahari hayakuwa na bei. Aliyerudi kutoka Odessa baada ya miezi kadhaa baharini sidhani kama alihitaji kuangalia maji zaidi.

Kisha majivu yaleyale yakawageuka. Kazi ya Mfereji wa Suez ilipoanza mwaka 1859, saruji inayoshika ndani ya maji ilitakiwa kwa wingi, na udongo wa Santorini ukachimbwa na kupakiwa melini kwenda Misri. Sururu za machimbo hayo ndizo zilizogonga kuta za nyumba za kale huko Therasia, kisiwa kidogo ng'ambo ya ghuba, karne nzima kabla Marinatos hajashika koleo. Mfereji ulifunguliwa Novemba 1869. Upande mmoja wa habari hii tunaujua sisi wa pwani ya Afrika Mashariki: mwaka 1872 meli za moshi za kampuni ya British India zilianza safari za barua za kila mwezi kati ya Aden na Zanzibar, na majahazi yaliyongoja kaskazi na kusi yakapata mshindani asiyengoja upepo. Upande wa pili uko Oia. Mfereji ulikuwa njia ya meli za moshi. Chombo cha matanga hakikuwa na raha ndani yake wala katika Bahari ya Shamu. Ugiriki nayo ikahamia kwenye mvuke, biashara ya meli ikakusanyika Piraeus, bandari ya Athens, na manahodha wenye uwezo wakafuata. Kisiwa kilikuwa kimesaidia kujenga mlango ambao riziki yake ilitokea.

Tarehe 9 Julai 1956, alfajiri, ardhi ilitikisika baharini karibu na kisiwa cha Amorgos. Lilikuwa tetemeko kubwa kuliko yote yaliyopiga Ugiriki katika karne ya 20. Santorini ilipoteza watu 53, na Oia ilikuwa kati ya vijiji vilivyoumia zaidi. Mapaa yaliyopindwa kwa ustadi yalimwagikia nyua za chini, na nyua hizo, zikiwa mapaa, nazo zikaanguka. Wengi wa waliobaki walifunga virago kwenda Athens. Kwa miaka karibu 20 sehemu kubwa ya genge ilikuwa mashimo yenye milango isiyo na mbao, na mtu aliyekuwa na pango Oia alikuwa na kitu ambacho hakuna aliyekitaka.

Uwanja wa ndege ulifunguliwa mwaka 1972. Katikati ya miaka hiyo ya 1970 shirika la utalii la serikali ya Ugiriki lilikuja na mpango ambao, kwa maoni yangu, ni wa busara kuliko yote yaliyofuata. Badala ya kujenga hoteli kubwa, liliwaomba wenye magofu wayakabidhi kwa muda wa miaka kadhaa. Serikali ingeyakarabati kwa gharama yake kwa kufuata umbo la zamani, iyapangishe kwa wageni, halafu iyarudishe kwa wenyewe yakiwa mazima na yenye biashara. Oia ilikuwa moja ya vijiji vya kwanza. Wasanifu walijifunza upya kupinda dari na kuchanganya chokaa. Vyumba vilikuwa vya kawaida tu, na wageni walikuwa wachache.

Waliofuata walikuwa na haraka zaidi. Pango la familia likaunganishwa na la mvinyo likawa chumba kimoja kirefu. Birika la mvua likafunguliwa juu likawa bwawa la kuogea, na maji yake siku hizi hutoka kwenye mitambo ya kuondoa chumvi ya bahari. Nakiri kwamba mikono iliyofanya kazi hiyo ilikuwa na ustadi: kuta zimelainishwa kwa mkono hadi hazina pembe, benchi limetokeza ukutani kama mbavu, shubaka la taa ya mafuta limebaki pale lilipokuwa. Ila ule mpangilio wa zamani wa juu na chini umepinduka. Ukingoni, alikokuwa baharia, sasa yuko mwenye fedha. Anayemtandikia kitanda hulala mbali na genge, katika vijiji vya ndani, na walimu na wauguzi wanaopangiwa kazi kisiwani huhangaika kupata chumba cha kupanga.

Kisiwa kina wakazi wapatao 15,500. Mwaka 2023 kilipokea wageni takriban milioni 3.4. Jioni wengi wao hujibana kwenye gofu la ngome ya zama za Wavenisi kwenye ncha ya Oia, simu juu, kulisubiri jua lizame, na wenyeji wamebandika vibao vya kuwaomba wageni wasipande mapaa ya watu. Tangu 2025 abiria wa meli za kitalii wamewekewa kikomo cha 8,000 kwa siku, na kila mmoja hulipa yuro 20 akishuka katika msimu wa juu.

Mwaka huohuo, mwishoni mwa Januari, matetemeko madogo yalianza baharini kaskazini-mashariki, upande uleule wa Amorgos. Yalikuja kwa maelfu, mchana na usiku, na kubwa lao lilifika kipimo cha 5.3. Watafiti walieleza baadaye kwamba uji wa moto wa volkano ulikuwa ukijipenyeza kwenye nyufa chini ya sakafu ya bahari. Watu zaidi ya 11,000 waliondoka kwa feri na ndege, shule zikafungwa. Mamlaka ikatoa agizo ambalo nahodha yeyote wa zamani angelielewa mara moja, kwa kuwa linahusu uzito ukingoni: mabwawa ya kuogelea yamwagwe maji. Huko Oia mabomba ya kunyonya yakaingizwa barazani, maji yakateremshwa, na chini ya vigae vya buluu yakabaki mashimo makavu yenye umbo la birika. Ilipofika Aprili yalikuwa yamejazwa tena.