Mikimbio 304, na Watu Ambao Hakuna Aliyewahesabu

Wasee, leo tuongelee jamaa anaitwa Robert Poore. Najua wengi wenu kriketi mnaijua kwa jina tu, lakini nipeni dakika mbili.

Poore alizaliwa Dublin mwaka wa 1866, enzi ambazo Ireland yote ilikuwa chini ya Uingereza. Akawa afisa wa jeshi, kikosi cha wapanda farasi. Alitumwa India, kisha Afrika Kusini, na 1896 akachezea timu ya Afrika Kusini mechi 3 dhidi ya Uingereza. Ndio, afisa wa Malkia anacheza dhidi ya timu ya kwao na hakuna aliyeshtuka. Dola ilikuwa yao yote, si ni kama kuhama kutoka sebuleni hadi jikoni?

Moto wenyewe ulikuja 1899. Akiwa na miaka 33, anachezea Hampshire, alipata mikimbio 1,399 kati ya Juni na Agosti. Pale Taunton, dhidi ya Somerset, alipiga 304 peke yake. Yeye na afisa mwenzake, Wynyard, waliongeza 411 wakiwa pamoja uwanjani. Msimu ulipoisha wastani wake ulikuwa 91.23, na kwa kriketi ukifika 50 tu, tayari wewe ni mkali. Ilibidi Bradman wa Australia aje 1930 ndio rekodi hiyo ivunjwe.

Oktoba hiyohiyo, vita vya Waingereza na Makaburu vikaanza. Poore akarudi Afrika Kusini, akawa mkuu wa polisi wa kijeshi, na akapewa nishani.

Sasa skiza. Katika vita hivyo Waingereza walichoma mashamba na kuwafungia raia kambini. Makaburu kama 28,000 walikufa humo, wengi wao watoto. Lakini kulikuwa na kambi nyingine, za Waafrika weusi. Vifo vilivyoandikwa huko ni zaidi ya 14,000, na wanahistoria wengi wanaamini idadi kamili ni 20,000 au zaidi. Mbona wanakadiria? Kwa sababu rekodi hazikuwekwa vizuri. Wengi walizikwa bila hata jina juu ya kaburi.

Sisemi Poore ndiye aliwaua. Kambi hazikuwa chini yake. Ninachosema ni hivi: dola hiyohiyo, miaka hiyohiyo, iliweza kuhesabu mikimbio ya mtu mmoja hadi sehemu ya mia, lakini ikashindwa kuhesabu maiti za Waafrika hata kwa maelfu. Na usiniambie ati zamani hawakuwa na kompyuta. Pale Taunton pia hawakuwa nayo. Walikuwa na kalamu, karatasi, na mtu aliyeona kazi hiyo ina maana.

Mimi chuo sikumaliza, lakini hesabu kama hii haihitaji digrii. Mtu huhesabu anachothamini.

Poore alikufa 1938, akiwa brigedia jenerali mstaafu. Ukimtafuta leo utapata kila mechi, kila alama, na hata nani alimtoa. Halafu jaribu kutafuta jina la mtoto mmoja tu, mweusi, aliyefia kambini 1901. Tafuta kwanza, kisha urudi tuongee kuhusu nani aliandika historia.